Kikulacho Ki Mezani

Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, kisa cha pandikizi ni chepesi kukibuni na kizito kukiendesha. Kukibuni kunahitaji sentensi moja tu: mmoja wa watu mnaowaamini si yeye tena. Mwendesha mchezo akishaipata sentensi hiyo, picha zinamjia zenyewe. Mfalme analikosea jina la mwanawe. Baharia hataki kuvua glavu. Rafiki karudi kutoka msituni, na tangu arudi hagusi chumvi. Taabu huanza kikao cha kwanza. Ama mchezaji mmoja anarusha dadu, namba kubwa inatokea, na siri iliyoandaliwa wiki nzima inakwisha kabla chai haijapoa. Ama siri inafichwa vizuri mno, na siku ya kufichuka wachezaji wanaudhika badala ya kushangaa, kwa sababu hapakuwa na njia yoyote ya kujua.

Watu huyachukulia haya kuwa makosa mawili yaliyo kinyume, wakashauriana kuficha zaidi au kuficha pungufu. Kwa hakika ni kosa moja. Mwendesha mchezo ameshughulika na siri, akasahau kujiuliza wachezaji wataijuaje. Hoja ya makala haya ni kwamba kisa cha pandikizi husimama au huanguka kwa kipimo chake, yaani njia ya kutambua nani ni nani, pamoja na gharama ya kuitumia njia hiyo. Pasipo kipimo, wachezaji wanabahatisha. Kipimo kikiwa cha bure, wanapima watu wote na kwenda kulala.

Mdomo mmoja, kazi mbili

Kwa asiyeijua michezo hii, muundo wake haujabadilika sana tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974. Watu wachache huketi mezani, kila mmoja amebeba mhusika wake. Mmoja wao, mwendesha mchezo, huieleza dunia ya kisa na kuwaigiza watu wengine wote waliomo. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu huamua.

Kwa hiyo chochote ambacho wachezaji wanakiona au kukisikia katika dunia hiyo kimetoka kinywani mwa mtu mmoja. Akisema mlango umefungwa, umefungwa. Sasa mtu huyohuyo anatakiwa pia aseme, kwa sauti ileile, kwamba mzee aliyewapokea ni mjomba wenu, ilhali si mjomba wenu. Msomaji wa riwaya akidanganywa na mwandishi hufurahi, kwa kuwa hakuna alichokuwa akikiamua. Mchezaji ameamua mambo: amemwachia mzee huyo funguo, amemweleza mpango, amelala nyumbani kwake. Uongo unaompata umejengwa kwa maamuzi yake mwenyewe, na ndiyo maana huuma zaidi na hudai haki zaidi.

Waendesha mchezo wazoefu hutoka hapa kwa kutenganisha sauti mbili. Maneno ya msimulizi hayadanganyi kamwe. Wanaodanganya ni wahusika. Badala ya kusema “mjomba wenu anafungua mlango”, msimulizi husema “mlango unafunguliwa, na uso wa mjomba unawatazama”. Sentensi ya pili ni kweli hata kama aliye ndani ya uso huo ni mwingine. Baadaye wachezaji wakirudi nyuma kukagua, hawataikuta sentensi hata moja ya msimulizi iliyowahadaa.

Barafu na zimwi

Pandikizi alifika mezani kupitia njia kadhaa. Mwaka 1938 John W. Campbell alichapisha hadithi ndefu, “Who Goes There?”, kuhusu watafiti waliojifungia kambini Antaktika na kiumbe aliyetolewa kwenye barafu, anayeweza kumwiga mtu yeyote hadi kumbukumbu zake. John Carpenter aliitumia kutengeneza filamu ya The Thing mwaka 1982. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1975, kijitabu cha nyongeza cha Dungeons & Dragons kiitwacho Greyhawk kilimleta dopelganga, kiumbe anayejivika sura ya binadamu. Kitabu cha viumbe cha mwaka 1977 kikaongeza anayejifanya sanduku la hazina. Katika enzi hiyo pandikizi alikuwa mtego tu, namna ya kumwadhibu mchezaji asiye mwangalifu.

Mwaka 1984 mchezo wa Paranoia, uliobuniwa na Greg Costikyan, Dan Gelber na Eric Goldberg, uliigeuza hali hiyo juu chini. Wachezaji ni watumishi wa kompyuta inayotawala mji uliofungwa, na kazi yao ni kuwasaka wasaliti, watu wenye maumbile ya ajabu na wanachama wa vyama vya siri. Kila mchezaji ni mwenye maumbile ya ajabu na ni mwanachama wa chama cha siri. Wote wana hatia, wote wanawinda, na kila mmoja ana nakala sita za mwili wake, hivyo kifo kinachekesha. Miaka hiyohiyo, mnamo 1986, Dimitry Davidoff wa Chuo Kikuu cha Moscow alibuni Mafia, mchezo usio na dadu wala karatasi za wahusika: wachache wanajuana, wengi hawajui kitu, na wengi wanapiga kura nani auawe.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji barafu ya Antaktika ili amjue kiumbe huyu. Katika hadithi nyingi za ukanda wetu, zimwi hujigeuza kijana mtanashati na kuja ngomani, na msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini humfuata. Irimu wa Wagikuyu ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Mombasa bado husimuliwa habari za mrembo wa usiku ambaye, vazi likipanda kidogo, miguu yake ni kwato.

Hadithi hizi zina mafunzo mawili ambayo vitabu vya michezo huyataja kwa nadra. La kwanza ni alama. Zimwi hubadili kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo liko mahali ambapo mtu mwenye adabu hatazami: kisogoni, miguuni, chini ya nguo. Anayeliona mara nyingi ni yule asiyehesabiwa, mdogo wake bibi harusi, mgonjwa mwenye vidonda, aliyeambiwa abaki nyumbani akafuata kwa siri. Kipimo kimo ndani ya hadithi tangu mwanzo, na gharama yake ni aibu ya kutazama pasipotazamwa.

Funzo la pili ni kwamba msikilizaji anajua. Bibi anaposimulia, watoto wote wanafahamu kijana yule ni nani kabla hajaishika hata njia ya kwao. Hofu haitokani na swali la nani. Inatokana na kumwona msichana akitembea. Campbell alifanya kinyume: msomaji hajui, na anashuku pamoja na wahusika.

Njia zote mbili zinafaa mezani, na kuchagua mojawapo ndiyo hatua ya kwanza. Kwa njia ya barafu, wachezaji wanatatua fumbo. Kwa njia ya zimwi, mwendesha mchezo anawaambia waziwazi kwamba bwana harusi ni zimwi, kisha wao wanaigiza wahusika wasiojua: wanamkaribisha, wanampa dada yao, wanamkabidhi mkuki wa babu. Kundi linalopenda kuigiza kuliko kufumbua litatoka na usiku mzuri zaidi kwa njia hii, na hakuna dadu inayoweza kuivunja siri isiyokuwepo. Waendesha mchezo wengi hawaijaribu kwa sababu wanadhani mshangao ndio mali yote waliyo nayo.

Nani awe pandikizi

Aliye rahisi zaidi ni mhusika wa pembeni, mmoja wa wale wanaoigizwa na mwendesha mchezo. Hapa kosa la kawaida ni haraka. Ukimtambulisha liwali wa mji leo na kumfichua kesho, umewapa wachezaji habari, hujawapa pigo, kwani hawakuwa na liwali wa kumpoteza. Pandikizi mwenye uzito huchukua nafasi ya mtu aliyekwisha kula nao, kuwakopesha, kuwachelewesha na kuwachekesha. Lakini wema wote ukigeuka kuwa uadui, wachezaji watajifunza kwamba kumpenda mtu ni kosa la kimbinu, na kuanzia hapo kila mwenye nyumba ya wageni atahojiwa mpaka usiku wa manane. Kila pandikizi mmoja anahitaji kuzungukwa na watu kadhaa walio vile wanavyoonekana, na wema wao ulipe.

Wa pili ni mhusika wa mchezaji aliyebadilishwa katikati ya safari. Mwendesha mchezo humwita pembeni na kumwomba aendelee kumwigiza mhusika wake, ila sasa ni adui aliyevaa sura yake. Hili halifanywi bila ridhaa, kwani mhusika ni mali ya mchezaji. Ridhaa nayo hutegemea majibu ya maswali mawili: mhusika halisi yuko wapi, na anaweza kurudi? Jibu likiwa kwamba amekufa zamani na hakuna la kufanya, umemnyang'anya mtu kitu chake ili kuwaburudisha wenzake. Akiwa hai, amefungwa mahali, kufichuliwa kwa pandikizi kunazaa safari mpya badala ya mazishi.

Kuna pia tatizo dogo linaloharibu mengi: mnong'ono. Mchezaji akiitwa barazani kwa dakika kumi, wote wanajua amerudi na siri. Dawa imejulikana tangu siku za Paranoia, ambako vikaratasi vya siri kati ya wachezaji na mwendesha mchezo ni jambo la kila kikao. Kila mtu apate karatasi, na nyingi ziwe na jambo dogo lisilo na madhara: umesikia harufu ya iliki, umelikumbuka deni la kaka yako. Kitu kikimfikia kila mtu, hakimshtaki yeyote. Battlestar Galactica, mchezo wa mezani wa Corey Konieczka uliotoka mwaka 2008, una hila nyingine ya kuazima: kadi za utiifu hugawiwa mara ya pili katikati ya mchezo, hivyo aliyekuwa mwaminifu kwa dhati kwa saa nzima anaweza kugundua kuwa yuko upande mwingine. Uaminifu wake wa mwanzo haukuwa wa kuigiza, na ndiyo maana unawapoteza wenzake.

Wa tatu ndiye mgumu: mhusika wa mchezaji ni pandikizi na mchezaji mwenyewe hajui. Hadithi ya Campbell inaliruhusu wazo hili, kwa kuwa kiumbe anayeiga mpaka kumbukumbu huenda asijitambue. Mezani linaweza kutoa tukio lisilosahaulika, na linaweza kumfanya mtu afunge karatasi zake aondoke. Linastahili kisa cha usiku mmoja, kwa wahusika walioundwa kwa ajili ya usiku huo, na wachezaji waliokwisha kuambiwa kwamba mmoja wao anaweza kuwa hivyo. Mchezo wa Alien uliotolewa na kampuni ya Free League ya Sweden mwaka 2019 unaelewa suala la muda: visa vyake vya mtindo wa filamu ni vifupi, kila mhusika hupewa ajenda ya siri inayobadilika katika kila sehemu ya kisa, na hakuna anayetarajia wote wafike mwisho. Usaliti unaovumilika kwa usiku mmoja hauwezi kuvumilika kwa mwaka mzima wa kukutana kila Jumamosi.

Kipimo na bei yake

Filamu ya Carpenter ina tukio ambalo kila mwendesha mchezo angefaa kulichambua. Watu kambini wanagundua kwamba kila kipande cha kiumbe kinapigania uhai wake peke yake. Basi damu ya kila mtu inatiwa kwenye kisahani na kuguswa kwa waya wa moto. Damu ya binadamu inachemka tu. Ya kiumbe itakimbia.

Kipimo hiki kina nguvu kwa sababu zinazohesabika. Kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na kinatokana na tabia ya kiumbe iliyokwisha kuonekana kabla. Kinafanyika hadharani, mmoja baada ya mwingine, hivyo kila jibu hubadilisha hesabu ya waliobaki. Tena kina bei: ili kifanyike, watu wanafungwa kwenye viti, na aliyeshika moto ameamua kuwatawala wenzake bila kuulizwa. Kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa kipimo kingine, cha damu iliyohifadhiwa, na mtu asiyejulikana aliiharibu damu hiyo. Pandikizi mwenye akili hashambulii watu kwanza, anashambulia kipimo. Jambo hili huupa mchezo mwendo: wachezaji wakishajua kipimo ni nini, wana kitu cha kulinda, na pandikizi ana sababu ya kusogea mahali anapoweza kuonekana.

Katika Dungeons & Dragons, waendesha mchezo hulalamika kwamba uganga wa wahusika huua kisa. Upo uganga wa eneo la ukweli, upo wa kusoma mawazo, upo wa mwale wa mwezi unaoweza kumrudisha anayejigeuza kwenye umbo lake. Wengine huupiga marufuku. Ukizisoma kanuni za toleo la 2014 kwa makini, utakuta bei imekwisha kuwekwa. Ndani ya eneo la ukweli mtu hawezi kusema uongo kwa makusudi, lakini anajua kwamba yumo ndani ya uganga na hakuna kinachomlazimisha kujibu. Anaweza kukwepa kwa maneno ya kweli. Mbona basi waziri anakataa kujibu? Labda ni pandikizi. Labda ana mpenzi. Kipimo kimetoa jambo la kufuatilia, hakijatoa hukumu.

Mwale wa mwezi una bei kali zaidi. Huunguza kila aliye ndani yake kwa jumla ya dadu mbili za pande kumi, na mwanakijiji wa kawaida ana pointi 4 za uhai. Kumpima mpishi asiye na hatia ni kumwua. Kanuni zenyewe, pengine bila waandishi kukusudia, zimeunda kipimo cha aina ya kiapo cha moto, ambacho humsafisha mshukiwa kwa kumdhuru. Mwendesha mchezo anayeupiga marufuku uganga huo amelitupa tukio bora la kisa chake.

Kuna pia kipimo ambacho kila kundi hukifikiria mara moja: tumwulize jambo analolijua yeye tu. Dopelganga anasoma mawazo ya juujuu ya mtu aliye umbali wa hadi mita 18 hivi. Muulizaji anapouliza, jibu limo kichwani mwake, na kiumbe analichukua humohumo. Wachezaji makini watafika mahali pa kuuliza swali ambalo hakuna aliyepo anayejua jibu lake, kisha kutuma mtu akahakikishe: uliificha wapi hati ya shamba? Siku mbili za safari ya kwenda na kurudi ndiyo bei, na ndani ya siku mbili hizo pandikizi anajua saa inahesabu.

Kuna dadu moja inayohitaji kuangaliwa peke yake, ile ya kumsoma mtu kama anasema kweli. Ikitumika kutoa jibu la ndiyo au hapana, kisa kimeisha. Hata ikishindwa imesema kitu, kwa kuwa mchezaji anaiona namba ndogo mbele yake na anazidi kushuku. Inatumika vizuri ikitoa kitu kilichoonekana: ametazama dirishani mara mbili; amelijibu swali la pili kabla hujamaliza kuuliza; mikono yake imetulia kuliko ilivyokuwa zamani. Mchezaji amelipwa, lakini kazi ya kuamua maana imebaki kwake.

Kesi ya Artigat

Anayedhani ushahidi wa utambulisho ni jambo jepesi na aitazame kesi ya Martin Guerre, iliyofika mbele ya mahakama ya Toulouse, Ufaransa, mwaka 1560. Martin aliondoka kijijini Artigat mwaka 1548, akamwacha mkewe Bertrande na mtoto. Mwaka 1556 akaja mtu akisema ndiye Martin. Aliwaita watu kwa majina, akakumbusha mambo ya zamani, akapokewa, akaishi na Bertrande takriban miaka mitatu. Mashahidi kama 150 waliitwa kwenye kesi ya kwanza. Baadhi walisema ndiye, baadhi wakasema ni Arnaud du Tilh wa kijiji kingine, na wengi wakakataa kusema upande wowote. Dada zake Martin walimtetea. Mshona viatu akasema mguu wa huyu ni mdogo kuliko ule aliokuwa akiushonea. Mahakama ya Toulouse ilikuwa ikielekea kumwamini, ndipo Martin halisi akaingia, na mguu mmoja wa mti. Arnaud alinyongwa mwezi Septemba 1560.

Mwendesha mchezo anaweza kuchota mengi hapa kuliko katika vitabu vingi vya viumbe. Kumbukumbu zilimtetea pandikizi, mwili ulimshtaki. Ushahidi mzuri zaidi ulitoka kwa fundi ambaye hakuna aliyemwona kuwa muhimu. Kundi kubwa la mashahidi lilikuwa na sababu ya kunyamaza, na wahusika wa namna hiyo huifanya dunia ya mchezo ionekane ina watu. Yupo pia Bertrande, ambaye wanahistoria bado wanabishana kama alidanganyika au alichagua. Mhusika anayejua na ameamua kunyamaza kwa sababu pandikizi ni mume bora kuliko mume mwenyewe ataigawa meza zaidi kuliko jini lolote.

La mwisho katika kesi hiyo ni sababu ya kuanguka kwake. Arnaud aliishi salama mpaka alipomdai Pierre, ami yake Martin, hesabu za mali ya familia. Tamaa ilimtoa nje. Pandikizi wa mezani naye lazima atake kitu, na kukitafuta kitu hicho kumlazimishe kufanya ambalo yule halisi asingelifanya. Anayekaa tu akisubiri kuua hana njia ya kuonekana, na kwa hiyo hachezeki.

Kipimo cha uongo

Upande wa pili wa jambo hili hauna mzaha. Katika maeneo ya Usukuma nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mojawapo ya alama zilizowatia hatiani ni macho mekundu. Macho hayo yanatokana na miaka ya kupikia moshini. Ilikuwepo alama, kila mtu aliijua, ilionekana wazi, na haikupima chochote.

Anayeendesha kisa cha watu wanaojigeuza, hasa akitumia masimulizi ya huku kwetu, anachezea moto uliowahi kuunguza watu halisi. Hilo halimaanishi aache. Linamaanisha kwamba kosa la kumshuku asiye na hatia liwe na uzito ndani ya kisa. Wanakijiji wawe na alama yao wanayoiamini, na alama hiyo iwe ya uongo. Wachezaji wakiifuata na kumwua mtu, mwili ubaki wa binadamu, na kuwe na mwana wa marehemu atakayewauliza. Kisa ambacho kila mshukiwa anageuka kuwa zimwi kweli kinafundisha kwamba kushuku ni sawa na kujua. Mafia ya Davidoff ina ukali huu kwa kanuni: wengi wanaouawa kwa kura huwa hawana hatia, na kadi inayofunuliwa baadaye inasema hivyo mbele ya wote.

Madokezo na daftari

Kanuni mbili za ufundi zinatosha kuzuia mabaya mengi. Moja iliandikwa na Mmarekani Justin Alexander mwaka 2008: kwa kila jambo unalotaka wachezaji walitambue, weka madokezo yasiyopungua matatu. La kwanza hawataliona, la pili watalitafsiri vibaya, la tatu litawafikisha. Nyingine ni ya Robin D. Laws, ambaye mfumo wake wa GUMSHOE, ulioanza na mchezo wa The Esoterrorists, unasema mpelelezi aliyeangalia mahali panapostahili apate dokezo bila kurusha dadu. Kilichobaki kuamuliwa ni maana yake na hatua ya kuchukua. Kwa visa vya mapandikizi kanuni hii ni ya lazima, kwa kuwa dokezo likikosekana kwa bahati mbaya ya dadu, wachezaji hawajui hata kwamba kulikuwa na kitu cha kutafuta.

Madokezo yasiwe ya aina moja. Moja liwe la mwili, kama kiatu cha Artigat. Jingine la mazoea: aliyekuwa akinywa maziwa sasa hanywi. Jingine la mahali: alionekana sokoni saa ambayo alikuwa nanyi shambani. Nalo daftari la mwendesha mchezo lioneshe siku na saa mtu alipobadilishwa, na nini pandikizi anakijua kufikia siku hiyo. Bila daftari hilo, mwendesha mchezo mwenyewe atampa pandikizi ujuzi ambao hakuupata popote, na wachezaji waliokuwa wakifuatilia kwa makini watakuwa wameadhibiwa kwa umakini wao.

Kabla ya yote, meza

Wahusika wanaweza kushukiana hadi kufungana kamba ikiwa tu wachezaji wanaaminiana. Ndiyo maana mazungumzo ya kikao cha awali, kabla hata wahusika hawajaandikwa, hayaepukiki. Mwendesha mchezo anaweza kuuliza bila kufichua lolote: mnakubali kuwe na siri kati ya wachezaji? Mnakubali mhusika wa mmoja awadhuru wengine? Kuna jambo la mwili au la ndoa ambalo hamtaki liguswe? Swali la mwisho lina uzito hapa kuliko katika visa vingine, kwa kuwa pandikizi aliyeingia nyumbani kwa mtu ameingia pia chumbani mwake, na meza isiyozungumza mapema hulikuta jambo hilo ghafla. Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos mwaka 2013, imesaidia meza nyingi: kadi iko katikati, yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaachwa bila kudaiwa maelezo.

Kisha kuna suala la idadi. Pandikizi mmoja katika mfululizo mrefu wa vikao hukumbukwa. Wawili huanza kuzoeleka. Wa tatu huwafanya wachezaji wampokee kila mgeni kwa kisu na maswali, na kuanzia hapo mwendesha mchezo hawezi tena kuwapa rafiki.

Anayetaka kujaribu na aanzie mwisho. Kabla ya kuchagua sura, mji au jina, aandike sentensi mbili: wachezaji wanaweza kumjua pandikizi kwa njia hii, na njia hii itawagharimu hiki. Sentensi ya kwanza ikikosekana, anaandaa hila ya kuwaonea wenzake. Ya pili ikikosekana, anaandaa kazi ya dakika tano. Zikiwapo zote mbili, anaweza hata kuiacha siri ivuje mapema, kwa sababu wachezaji wanaojua kipimo kipo na wanajua bei yake watatumia kikao kizima wakibishana kama inafaa kulipwa, na ni nani wa kukaa kwenye kiti kwanza. Mabishano hayo ndiyo kisa chenyewe.